Nani Alifika Kidato cha Kwanza? Historia Fupi ya Tofauti za Elimu Shinyanga na Geita

Ndugu wanachama wa Umoja wetu, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyakalia sisi,

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike kumbukumbu za siku zetu. Nimefikiri, nikaona kwamba siku zetu zimekwisha kuandikwa na wenzangu vya kutosha: kengele ya alfajiri, maharage yenye wadudu, zamu ya kuchota maji, na mechi tulizoshinda (zile tulizoshindwa hazijapata mwandishi hadi leo). Kwa hiyo naomba ruhusa niandike historia, na hasa historia inayowahusu watu wasiohudhuria mikutano yetu, kwa sababu hawakupata nafasi ya kuingia langoni.

Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1994, katika shule ya kijiji wilayani Kahama. Niliketi dawati moja na kijana ambaye kwa hesabu alinishinda waziwazi. Mimi nilimzidi kwa Kiingereza tu, kwa kuwa mjomba wangu alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba na alizoea kuleta magazeti nyumbani. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, langu lilikuwemo, lake halikuwemo. Mwaka uliofuata mimi nilipanda basi kuja hapa na sanduku langu la bati. Yeye alipanda lori la mizigo kwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu.

Kwa miaka mingi nilijiridhisha kwamba mtihani ndio ulioamua. Lakini kazi yangu serikalini ni kusoma majedwali ya takwimu mwaka hadi mwaka, nayo imenifundisha kuuliza swali jingine: mtihani uliamua kwa kupima nini? Ndilo swali ninalotaka tulitazame pamoja.

SHULE ILIFIKA KWANZA KWA MTEMI

Wapo watu wanaosema, hata katika mikutano ya wasomi, kwamba watu wa kwetu "hawapendi shule", na kwamba mtoto wa Kisukuma ni wa ng'ombe na jembe. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1945, serikali ya kikoloni ilipowateua Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, iliwateua wawili: Mangi Abdiel Shangali wa Machame, Kilimanjaro, na Mtemi Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Mtemi Kidaha alikuwa amesoma Tabora na Makerere, na baadaye alisoma Oxford, Uingereza. Basi, palipokuwa na shule, Shinyanga ilitoa msomi sawa na popote pengine.

Ila yafaa tukumbuke alikuwa mtoto wa nani. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa katika miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ili mkoloni apate watawala na makarani wa kumsaidia. Mtoto wa mtemi alikwenda. Mtoto wa mchungaji wa ng'ombe za mtemi alibaki machungani. Hivyo tangu mwanzo kulikuwa na tofauti mbili, si moja. Ya kwanza ilikuwa kati ya sehemu na sehemu ya nchi. Ya pili ilikuwa ndani ya sehemu ile ile, kati ya nyumba na nyumba. Ya kwanza imesemwa sana. Ya pili ndiyo iliyomrudisha rafiki yangu.

Tofauti ya sehemu na sehemu ilikuwa kubwa. Wamisionari walikaa zaidi penye hali ya hewa waliyoipenda na penye watu waliokaa karibu karibu: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Kwetu pia walifika. Mapadre Weupe walikuwa Bukumbi, karibu na Mwanza, tangu mwaka 1883, na wamisionari wa Africa Inland walijenga kituo Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Lakini Usukuma ni nchi pana, na miji ya wafugaji ilitawanyika. Shule moja ya misheni ilikuwa kama kisima kimoja katika mbuga. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa serikali kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti, na kwa hiyo penye shule nyingi fedha zilizidi kwenda, na pasipo na shule hapakuwa na cha kupewa ruzuku. Mwenye nacho aliongezewa.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, shule za msingi za Tanganyika nzima zilikuwa na watoto wapatao 486,000, na sekondari zote zilikuwa na wanafunzi wapatao 11,800 tu. Katika mlango mwembamba kama huo, aliyekuwa amesimama karibu ndiye aliyeingia.

DHAHABU, ALMASI, PAMBA NA NG'OMBE

Hapa msomaji kijana atauliza: mbona kwetu kulikuwa na mali? Ni kweli, na jambo hili linashangaza. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani, na mgodi mkubwa wa wakati wa Waingereza ulifanya kazi hadi mwaka 1966. Mwaka 1940 Dk. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui, na Shinyanga ikajulikana duniani kote. Wakulima wa pamba nao waliunganisha vyama vyao vya ushirika mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakaunda shirikisho la VFCU, mojawapo ya mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika nzima. Na ng'ombe hawakuwa na hesabu. Kwa nini basi nchi yenye dhahabu, almasi, pamba na ng'ombe ikaachwa nyuma na nchi yenye kahawa?

Mimi naona sababu tatu. Kwanza, madini hayakuwa yetu. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali na shule kwa ajili ya wafanyakazi wake, na uzio ulikuwa mpaka wa maendeleo: ndani umeme, nje kibatari. Mtoto wa nje ya uzio aliyaona maendeleo kama mtu anavyoona sherehe ya jirani asiyemwalika.

Pili, namna ya kazi. Ng'ombe walikuwa benki yetu, na benki hiyo ilihitaji mlinzi kila siku. Mlinzi huyo alikuwa mvulana wa miaka minane. Pamba nayo ilihitaji mikono ya nyumba nzima katika msimu wa kuchuma. Binti naye alitazamwa kama mlango wa kuingizia ng'ombe wa mahari. Mzazi aliyempeleka mtoto shule alipoteza kitu leo ili apate kitu asichokijua kesho. Hakuwa mjinga, alikuwa akipiga hesabu.

Tatu, ardhi. Kule Kilimanjaro kihamba kilikuwa kidogo, na baba mwenye wana wanne hakuweza kukigawa tena. Shule ikawa ndiyo kihamba cha mtoto wa tatu na wa nne, na fedha za kahawa zilizopitia ushirika wa KNCU, ulioundwa mwaka 1933, zikasaidia kulipa karo. Kwetu ardhi ilikuwa bado ipo: kijana aliyekosa mahali Shinyanga alihamia Geita na ng'ombe zake, akalima. Wazee wetu hawakuchagua ujinga. Walikuwa bado hawajafungiwa mlango mwingine wowote.

MGAWO WA MWAKA 1974

Serikali huru iliiona hatari ya kuwa na taifa ambalo madaktari, mahakimu na makatibu wakuu wote wanatoka katika mikoa mitatu. Karo za sekondari zilifutwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule zilizokuwa za misheni na zilizopata ruzuku zilitwaliwa, ili zipokee watoto wa madhehebu na mikoa yote. Kisha mwaka 1974 yakaja mambo mawili makubwa.

La kwanza ni Azimio la Musoma, lililoagiza kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Huko Shinyanga agizo hilo lilikutana na Operesheni Vijiji, na shule nyingi za miti na udongo zikasimama katika vijiji vipya. Watoto wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wa UPE, ambao wengi wao walikuwa wamemaliza darasa la saba tu, walifundisha huku wakifundishwa. Watu wamewacheka sana. Mimi nilifundishwa kusoma na mmoja wao, na maneno haya yanayosomwa hapa ni kazi ya mikono yake.

La pili ni mgawo wa nafasi. Kuanzia mwaka huo nafasi za Kidato cha Kwanza katika shule za Serikali ziligawiwa mikoa na wilaya kwa kadiri ya idadi ya watoto waliomaliza darasa la saba. Mtoto wa Shinyanga akawa anashindana na mtoto wa Shinyanga. Wazazi wa mikoa iliyotangulia walinung'unika, kwani watoto wao walirudishwa wakiwa na alama za juu kuliko wengine waliochukuliwa kwingineko. Manung'uniko hayo yalikuwa na haki yake, na wazazi wa Kilimanjaro hawakuishia kunung'unika: walijenga sekondari zao wenyewe, hata katika miaka ya 1980 mkoa huo ukaongoza kwa shule za watu binafsi. Mgawo ulifungua mlango kwa wengi wa kwetu, lakini tofauti nayo ikatafuta njia nyingine ya kupita.

Tena mgawo ulikuwa na udhaifu mmoja ambao haukusemwa sana. Ulihesabu mikoa na wilaya, haukuhesabu nyumba. Nafasi iliyotengewa Shinyanga ilichukuliwa na nani wa Shinyanga? Nikiwakumbuka wenzangu wa Kidato cha Kwanza tuliotoka kwetu, wengi tulikuwa watoto au wapwa wa walimu, makarani, waganga na wafanyakazi wa migodi. Waliotoka katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mjomba wangu na magazeti yake aliniweka upande wa kwanza bila mimi kujua.

TOFAUTI IMEHAMIA NDANI YA MKOA

Karo za sekondari zilirudishwa katikati ya miaka ya 1980, na shule za binafsi zikaruhusiwa kuongezeka. Baadaye MMEM ilifuta ada za shule za msingi kuanzia mwaka 2001, na MMES, iliyoanza mwaka 2004, ikaleta sekondari za kata. Kuanzia Januari 2016 elimu hadi Kidato cha Nne ikawa bila ada. Haya ni mambo makubwa, na asiyeyaona hana macho. Mtoto wa kijijini ambaye zamani alikuwa akingojea nafasi moja kati ya mia, sasa shule ipo katani kwake.

Lakini kuwa na shule si kuwa na masomo. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, hata matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Shule za kata nyingi zilikuwa na majengo kabla ya kuwa na walimu wa hesabu na sayansi. Kwetu kata ni pana: mtoto hutembea saa nyingi, au hupanga chumba karibu na shule, maarufu kama geto, na kujipikia akiwa na miaka 15. Kwa binti hatari ya geto haihitaji maelezo.

Wakati huo huo dhahabu ilirudi. Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009 (huo umekwisha kufungwa). Kahama na Geita zikawa miji mikubwa, na fedha za mjini zikajenga shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2016, shule mbili zilizoshika nafasi ya kwanza na ya pili kitaifa, Kwema na Rocken Hill, zote zilitoka mkoani Shinyanga. Na mwaka huo huo mkoa ulioongoza nchi nzima ulikuwa Geita, mkoa ulioundwa mwaka 2012 tu!

Nilifurahi siku ile, ndugu zangu, sitaficha. Wale waliosema hatupendi shule walinyamaza. Lakini nilipofungua tena majedwali nilikumbuka jambo ambalo kila karani wa takwimu analijua: asilimia ya ufaulu huhesabiwa kwa waliofanya mtihani. Mtoto aliyeacha shule darasa la tano hahesabiwi kuwa amefeli, hahesabiwi kabisa. Mkoa unaweza kuongoza nchi huku wako watoto ambao hawakuliona karatasi la mtihani.

Na wako wapi hao? Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013, iliyotokana na uchunguzi katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ilieleza watoto wenye umri wa hata miaka minane wakifanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu: wanashuka duarani, wanabeba mawe hadi kwenye karasha, wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu. Kwa upande wa mabinti, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha Shinyanga ikiongoza kwa ndoa za mapema: asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali iliwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Milango inafunguliwa. Swali ni nani yuko karibu nayo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Zamani tofauti ilikuwa kati ya Shinyanga na Kilimanjaro, na ilionekana kwenye ramani. Leo sehemu kubwa ya tofauti imo ndani ya wilaya moja, wakati mwingine ndani ya kata moja: upande huu wa lami basi la shule linampokea mtoto mlangoni, upande ule mwenzake wa umri ule ule anasukuma toroli la mawe. Wastani wa mkoa huwajumlisha wote wawili na kutuambia kwamba mambo ni mazuri.

NAMBA TATU

Mwaka 2019 nilikuwa kazini wilayani Geita, na katika kituo kimoja cha karasha mtu mwenye mvi za vumbi aliniita kwa jina langu la darasa la pili. Alikuwa yule mwenzangu wa dawati. Tulikaa juu ya viroba vya mawe tukazungumza. Mwenye mawe mmoja alikuja kumuuliza mgawo wake. Mwenzangu alitoa gharama za karasha, maji na vibarua, akagawa kilichobaki kwa watu sita, kabla mimi sijafungua kikokotoo cha simu. Hesabu ile ilikuwa bado ipo.

Kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, nasikia wewe ndiye unayeandika namba za Serikali. Kijana wangu mkubwa aliacha shule darasa la tano, yuko pale anasukuma toroli. Mmemwandika wapi?"

Katika mkoba wangu nilikuwa na jedwali lililoonyesha kwamba ufaulu wa wilaya ile umepanda. Kijana yule hakuwemo. Nilimjibu mwenzangu kwamba nitamwandika. Makala hii ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Sasa nawaomba wanachama mambo mawili. Kwanza, kila mwaka Umoja wetu humpa zawadi mwanafunzi anayeongoza katika mtihani wa Kidato cha Nne. Zawadi hiyo ni njema na iendelee. Lakini katika mkutano mkuu ujao nitapendekeza tutenge kiasi kama hicho kwa ajili ya mabweni ya sekondari za kata tunakotoka, mabweni ya wasichana yakitangulia. Zipo njia za kushirikiana na wengine: tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, migodi hutakiwa kuandaa mpango wa kuwasaidia wananchi na kuupeleka kwa halmashauri uidhinishwe, na sekondari ya wasichana ya Nyankumbu mjini Geita ni ushahidi kwamba fedha za dhahabu zinaweza kugeuka kuwa darasa na bweni. Wengi wetu tunakaa katika vikao ambako mipango hiyo hujadiliwa. Tusikae kimya.

Pili, kila mmoja wetu aende katika shule yake ya msingi aombe namba tatu: walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba iliyopita, waliofanya mtihani wa darasa la saba, na walioripoti Kidato cha Kwanza. Asiulize shule imekuwa ya ngapi. Aulize waliopungua kati ya namba ya kwanza na ya pili wako wapi, na awatafute kwa majina. Mwalimu mkuu anawajua, na mara nyingi njia ya kuwarudisha ni fupi kuliko tunavyodhani: sare, chakula cha mchana, baiskeli, au neno la mtu mzima anayeheshimiwa kijijini.

Nanyi wanafunzi mliopo sasa, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mmepewa bure, najua mlivyokesha. Nasema tu kwamba kila mmoja wenu anamkumbuka mwenzake wa dawati moja ambaye hayupo hapo. Mkirudi likizo, mtafuteni. Mkaeni naye, mkamsikilize. Na siku mtakapokuwa ninyi ndio mnaoandika namba za Serikali, mjue jina la angalau mtu mmoja ambaye namba hizo zimemsahau.